Chakula cha Hekaluni na Usingizi wa Jirani



Katika mji wa Los Angeles, huko Marekani, liko hekalu la Wabudha liitwalo Wat Thai. Siku za Jumamosi na Jumapili uwanja wake hujaa vibanda vya chakula cha Kithai: mishikaki, kachumbari ya papai bichi, wali wa kunata kwa embe, na vikate vya unga wa mchele na nazi, viokwavyo katika chuma chenye vishimo kama vitumbua vya pwani yetu. Mwaka 2007 majirani walilalamika juu ya magari, moshi na takataka, na serikali ya mji ikavifunga vibanda hivyo. Baadaye vilirudi.

Basi twauliza: Je, tendo jema laweza kumwondolea mtu deni lake kwa jirani?

Kwanza yatupasa kuwa wenye haki. Watawa wa dini hiyo hawafanyi kazi ya mshahara, wala hawali baada ya adhuhuri. Hulishwa na waumini, nao waumini huhesabu kulisha huko kuwa thawabu. Kwa hiyo sufuria si kitu kigeni hekaluni. Tena mtu aliye mbali na kwao huonja pale ladha ya nyumbani. Wala sisi tusiwacheke, maana hata mlangoni petu, ibada ikiisha, hunadiwa ndizi na kuku wa sadaka.

Lakini atoaye hutoa kilicho chake. Usingizi wa jirani si mali yetu, hata tuutoe sadaka. Wazee husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na jirani naye ni mwenyeji, je, amepona?

Hata hivyo mlalamikaji naye ajipime. Magari yaweza kupangwa, takataka zaweza kuzolewa, saa zaweza kupunguzwa. Atajaye mambo hayo atafuta amani. Bali achukizwaye na lugha ya wageni na harufu ya chungu chao, huyo hataridhika hata uwanja ukifagiwa mara saba. Udhia wake umo moyoni mwake.

Twaona basi kwamba wema haufuti deni, bali waliongeza. Maana amkirimuye mgeni wa mbali amekwisha kuonyesha kwamba ajua ukarimu ni nini; hana udhuru tena mbele ya yule aliye nyuma ya ukuta wake. Naye aliye nyuma ya ukuta, kabla ya kwenda serikalini, na abishe hodi kwanza. Huenda akakaribishwa kula.