Je, Mtoto Anayekataa Kulala Ni Mkaidi?



Akina mama wawili watatu hapa Songea wameniuliza swali moja katika baridi hii. Mtoto wa miezi minane au tisa, aliyekuwa akilala vizuri mchana na usiku, ghafla anakataa. Akilazwa analia, akiinuliwa anacheka. Bibi yake asema ni kiburi, aachwe alie mpaka achoke.

Kwanza mtazameni kama ana homa, sikio lamwuma, au hakushiba. Kama ana homa, apelekwe zahanati, wala tusibishane juu ya tabia. Lakini kama ni mzima, je, neno kiburi lamfaa?

Mkaidi ni mtu anayefahamu alichoamriwa, anakiweza, naye hataki. Mtoto huyu hafahamu amri. Na kuhusu kukiweza, hata sisi wazee hatuwezi kulala kwa kuamriwa. Darasani niliweza kuwanyamazisha watoto hamsini kwa neno moja, lakini sikupata kumwamuru hata mmoja asinzie. Waliosinzia walisinzia wenyewe, hasa kipindi cha hesabu baada ya chakula. Usingizi huja kwa mtu aliyeacha kulinda.

Na mtoto wa umri huo ana jambo la kulinda. Ndiyo kwanza ameanza kutambaa, na sasa anatambua kwamba mama akitoka chumbani bado yuko mahali fulani, ila si hapa. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliliona jambo hili kwa jirani zetu wa Uganda mwaka 1954 na 1955, alipokuwa akiwatembelea Waganda nyumbani kwao katika vijiji vya karibu na Kampala. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba watoto waliotulia zaidi walikuwa hasa wa wale mama walioweza kumsimulia kwa kirefu habari za watoto wao: nini humfurahisha, nini humliza. Yaani mama aliyekuwa akimtazama mtoto wake.

Bibi atajibu kwamba zamani hapakuwa na taabu hii. Ni kweli kwa sehemu, maana mtoto alilala ubavuni pa mama, na mchana mgongoni ndani ya khanga. Wataalamu waliokaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, katika miaka ya 1970, waliwakuta watoto wa miezi minane wakiamka na kunyonya usiku, wakati wenzao wa Marekani walikwisha kuzoea kulala mfululizo saa nyingi. Kijijini hakuna aliyeona kuwa ni tatizo. Basi tunaposema mtoto halali vizuri, mara nyingine twasema kwamba halali kama sisi tunavyohitaji.

Wala hitaji letu si dogo. Mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda shamba au sokoni ana haki ya kulala. Na mtoto mwenyewe ahitaji usingizi: Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mwenye miezi 4 hadi 11 ahitaji saa 12 hadi 16 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Kwa hiyo kumlaza ni wajibu. Swali ni kwa njia gani.

Kumpa dawa ya mafua ili asinzie ni hatari, maana yaweza kudhoofisha pumzi yake. Hilo halina mjadala. Kumtisha kwa fisi kunamfundisha kwamba giza lina meno. Lakini ipo njia ambayo watu wema huitumia bila kufikiri: kumbembeleza mpaka afumbe macho, kisha kunyata na kutoweka. Mtaniambia, “Mwalimu, mtoto mchanga hajui uongo.” Hajui neno lake, lakini matokeo anayajua. Amejifunza kwamba ukifumba macho watu huondoka. Kesho atayakodoa. Tumemfanya mlinzi, kisha twamlaumu kwa kukesha.

Afadhali kumwaga, hata akilia kidogo. Aogeshwe, anyonyeshwe, taa ipunguzwe, aimbiwe wimbo uleule saa ileile, alazwe kabla hajachoka kupita kiasi, aambiwe “mama anakwenda jikoni.” Kisha mama aende kweli, na arudi upesi. Mwito wa kurudi usipuuzwe. Mtunga Zaburi ya 131, alipotafuta mfano wa nafsi iliyotulia, alimchagua mtoto aliyeachishwa ziwa akiwa na mama yake, si mtoto aliyechoka kulia.

Nanyi akina baba, mtoto akiamka saa nane za usiku, na mama yake alishika jembe tangu asubuhi, khanga ile yaweza kufungwa hata mgongoni mwenu. Baridi ya Songea ya mwezi wa Julai naijua, vaeni koti.