Kubomoa nyumba ya marehemu ni kugawa mirathi

UKIVUKA Mtaa wa Lumumba kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo, kisha ukafuata mitaa ya Sikukuu, Swahili, Mchikichi au Narung'ombe, utaona ghorofa zimebanana, chini fremu za maduka, juu stoo na vyumba vya kupangisha. Katikati yake, hapa na pale, imebaki nyumba moja ya chini. Bati lake limeshika kutu, na baraza yake imegeuzwa meza ya muuza soksi na mikanda. Wapitao huitazama na kusema kuwa nayo siku zake zinahesabika.

Inawezekana ni kweli. Lakini swali ambalo sisi Waislamu wa mji huu tunapaswa kujiuliza si lini nyumba hiyo itabomolewa. Swali ni nani mwenye haki ya kuibomoa, na ni mambo gani yawe yamekamilika kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa. Ni swali la dini na la dhamiri kabla ya kuwa swali la ramani na kibali cha ujenzi.

Tukumbuke kwanza nyumba hizi zilivyopatikana. Jina la Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Utawala wa kikoloni uliugawa mji kwa rangi. Wazungu walikuwa upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na eneo la Mnazi Mmoja likaachwa wazi liwe mpaka. Huku kwa Waafrika mtu alipata kiwanja akakilipia kodi, nyumba akajijengea mwenyewe. Walisimika nguzo za mikoko, wakafunga fito, wakakandika udongo, wakaezeka makuti, na baadaye madebe yaliyokunjuliwa, kisha bati. Ramani ilijulikana na kila fundi: vyumba vitatu kila upande, korido katikati, nyuma ua wenye jiko na choo, mbele baraza.

Mwenye nyumba, na wanawake hawakukosekana miongoni mwa wenye nyumba, alikaa chumba kimoja au viwili na vilivyobaki akapangisha. Kodi hiyo ndiyo iliyonunua unga, ikalipa ada ya shule, ikawaoza mabinti. Barazani ndipo watu walipokaa kwenye msiba, na uani ndipo pilau ya harusi na ya maulidi ilipopikwa. Mzee alipofariki, aliacha nyumba, na mara nyingi hakuacha kingine.

Leo kuna sauti mbili juu ya nyumba hizo. Ya kwanza inalalamika kwamba tunaufuta mji wa wazee wetu. Ya pili inasema nyumba ya udongo inayovuja haina faida katika kiwanja chenye thamani ya mamilioni, na kwamba Waislamu tumezidi kulalia mali wakati wenzetu wanajenga. Sauti zote mbili zina ukweli. Ni jambo la kusikitisha mtaa kupoteza baraza zake zote. Na ni kweli pia kwamba hakuna thawabu katika kumlaza mjane chini ya bati linalovuja kwa sababu tu bati hilo lilipigwa na marehemu mumewe. Uislamu haukutufundisha kuabudu kuta. Ila sauti zote mbili zinazungumzia nyumba kana kwamba ni udongo na miti tu, au kiwanja na fedha tu. Hazizungumzii kilicho ndani yake.

Katika Suratul Kahf, Allah (SWT) anatusimulia kisa cha Nabii Musa (AS) na yule mja mwema aliyefuatana naye, ambaye wanavyuoni wanamtaja kuwa ni Khidhri. Walifika katika mji ambao watu wake walikataa kuwapa hata chakula. Humo wakaukuta ukuta unaotaka kuanguka, na yule mja akausimamisha bila ujira. Musa akashangaa. Mwisho wa kisa ndipo sababu inapoelezwa: ukuta ulikuwa wa mayatima wawili, na chini yake ilikuwapo hazina yao iliyoachwa na baba yao, mtu mwema. Mola alitaka wakue kwanza, kisha waitoe wenyewe.

Ukuta ule haukusimamishwa kwa uzuri wake, wala kwa kuwa ni wa kale. Ulisimamishwa kwa sababu ungeanguka siku ile, haki ya wale wasioweza kujitetea ingekuwa wazi kwa kila mwenye mkono mrefu. Na kisa chenyewe kinatuonyesha kwamba muda wake una mwisho. Mayatima wakishakua na kuchukua chao, ukuta ukianguka haumdhulumu mtu.

Sasa tuitazame nyumba ya Kariakoo kwa jicho hilo. Chini ya kuta zake kuna haki za nani?

Tuchukue mfano wa hesabu. Mzee amefariki akaacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Kwa mujibu wa aya ya 11 na ya 12 za Suratun Nisaa, baada ya madeni na wasia, mke anapata fungu moja katika manane. Mafungu saba yanayobaki wanagawana watoto, wa kiume akipata sehemu ya wa kike wawili. Kwa hiyo kila mtoto wa kiume ana mafungu mawili, na kila binti fungu moja. Jumla mafungu manane, hakuna linalobaki.

Hebu tuiangalie hesabu hiyo vizuri. Mtoto mkubwa wa kiume, ambaye ndiye anayekaa na madalali, ndiye anayetia saini na mbia, na ndiye anayeitwa "mwenye nyumba" mtaani, ana robo tu. Mama na mabinti wake watatu kwa pamoja wana nusu. Kama binti mmoja amefariki baada ya baba yake na kabla ya kugawa, fungu lake halikurudi kwa kaka zake wapendavyo. Limehamia kwa warithi wake yeye, pengine watoto wadogo walioko Tanga au Kilwa ambao hata kiwanja hawajawahi kukiona. Hao ndio mayatima wa ukuta.

Tatizo letu ni kwamba nyumba hizi nyingi hazikugawanywa. Mzee anazikwa, arobaini inapita, na mtu mwenye busara anasimama kusema: "Jamani, nyumba hii isiguswe, ibaki ya familia." Watu wanaitikia kwa machozi. Maneno hayo yana mapenzi ndani yake, na hayana ubaya kama kila mrithi ameridhika na fungu lake limeandikwa. Lakini mara nyingi hakuna kilichoandikwa. Miaka 20 inapita. Shangazi aliyeachika amerudi na kupewa chumba cha uani. Kodi inakusanywa na mmoja. Hakuna anayejua nani ana kiasi gani, ila kwa kuwa nyumba imesimama, kila mmoja bado ana mahali pa kuonyesha kidole. Shangazi hahitaji hati kuthibitisha kwamba yumo. Kitanda chake kipo.

Siku nyumba inapobomolewa, ushahidi huo unaondoka. Vyumba sita vinakuwa shimo la msingi, na kuanzia hapo kinachozungumza ni karatasi peke yake. Ambaye jina lake halimo kwenye mkataba na mbia hana chumba cha kurudia wala mlango wa kusimamia. Ndiyo maana nasema kubomoa ni kugawa. Familia iliyoogopa kugawa mirathi kwa miaka 20 inagawa kwa siku moja, kwa tingatinga, bila shahidi na bila hesabu, na anayepata zaidi ni yule aliyekuwa karibu zaidi na kalamu.

Wapo watakaosema: mahakama imemteua kaka kuwa msimamizi wa mirathi, basi ana mamlaka. Ndiyo, anayo mamlaka ya kukusanya mali, kulipa madeni na kuwafikishia warithi haki zao. Usimamizi ni amana, haumfanyi kuwa mmiliki. Msimamizi anayejichukulia ghorofa mbili na kumpelekea dada yake kanga na laki moja ya sikukuu hakugawa mirathi, hata kama barua ya mahakama anayo mfukoni. Mtume (SAW) ameonya kwamba anayedhulumu ardhi hata kiasi cha shubiri moja, atavishwa shingoni siku ya Kiyama kiasi hicho cha ardhi saba. Katika Kariakoo shubiri moja ni fremu.

Linakuja swali gumu zaidi. Vipi ikiwa warithi wote wanataka kujenga na mmoja anakataa? Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar (RA) alipotaka kuupanua Msikiti wa Mtume, nyumba ya Abbas, ami yake Mtume, ilikuwa njiani. Abbas alikataa kuitoa. Khalifa hakutuma watu kuibomoa. Walikubali kuamuliwa na Ubayy bin Kaab, naye akamhukumia Abbas dhidi ya kiongozi wa dola. Haki yake ilipokwisha kuthibiti, ndipo Abbas alipoitoa nyumba kwa hiari yake. Na Mtume mwenyewe alipofika Madina, kiwanja cha msikiti kilikuwa cha mayatima wawili. Walitaka kukitoa bure, naye akasisitiza kukilipia. Ikiwa msikiti haukujengwa juu ya haki isiyolipwa, itakuwaje duka la simu?

Lakini haki ya kukataa nayo ina mpaka. Yupo anayekataa kwa sababu chumba kile ndicho kinga yake ya mwisho, na yupo anayekataa ili kuwakomoa ndugu zake au kupandisha bei yake. Kanuni ya sheria yetu ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Asiyetaka kujenga atolewe fungu lake kwa thamani halisi ya kiwanja leo, kwa tathmini ya mtu asiye na upande, si kwa thamani ya udongo na bati. Akilipwa hivyo na bado akazuia, hapo kadhi, masheikh au mahakama wana nafasi ya kuamua. Kosa la wengi ni kumwita mkorofi kabla ya kumpa haki yake. Mara nyingi anachokataa si ghorofa. Anakataa kwenda Mbagala au Chanika kupanga kwa miaka mitano huku hana neno lolote kwenye mkataba.

Zipo pia nyumba za wakfu. Mtu aliyeiweka nyumba yake wakfu kwa ajili ya msikiti, madrasa au kizazi chake ameiondoa katika mirathi, haiuzwi wala hairithiwi. Kwa madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu tunaifuata, kubadilisha wakfu ni jambo zito sana. Mdhamini anayeingia ubia kuvunja nyumba ya wakfu bila kuuliza wanavyuoni na bila kuandika mapato yanaenda wapi, anamvunjia marehemu sadaka yake inayoendelea.

Na tusimsahau jirani. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa, ghorofa 16 zilizokuwa zikijengwa makutano ya mitaa ya Indira Gandhi na Zanaki, pembeni ya msikiti, ziliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo liliporomoka Kariakoo penyewe na kuua watu zaidi ya 20, na serikali ikaamuru majengo ya eneo hilo yakaguliwe. Anayechimba msingi mrefu ubavuni mwa nyumba ya mwenzake ameingia katika haki ya jirani, iliyosisitizwa hadi Mtume akadhani kwamba jirani atafanywa mrithi. Anayejenga juu ya haki za warithi wake kwa haraka, huyo huyo ndiye atakayepunguza nondo kwa haraka.

Basi tufanye nini? Ukiwa hai na una nyumba, andika inamilikiwa na nani, nani anakudai, na kama unaweka wakfu, weka kwa mashahidi. Mzee akifariki, gaweni mapema, hata kama hamuuzi. Kila fungu liandikwe kwa jina la mwenyewe, la yatima litajwe pamoja na mwangalizi wake. Mkitaka kujenga na mbia, warithi wote watie saini, mama na mabinti wakiwa mstari wa mbele, na mkataba useme nani anakaa wapi wakati wa ujenzi na nani analipa kodi yake. Tangu mwaka 2008 nchi yetu ina sheria inayoruhusu kila sehemu ya jengo moja kuwa na hati yake. Dada mwenye fungu moja katika manane anaweza kupata fremu au chumba chenye hati yenye jina lake, badala ya ahadi ya kaka.

Yakishafanyika hayo, bomoeni kwa bismillah. Mikoko ile imemaliza kazi yake na wazee waliosimika nguzo hawatakulalamikieni. Lakini ikiwa kuna hata mmoja ambaye hajui fungu lake ni lipi, ukuta huo bado una kazi. Uegemezeni kwa boriti mpya, muezeke bati, msubiri.

Wallahu aalam.