Tope la Pasaka



Nabii Yeremia alikuwa na manung'uniko, tena ya haki. Watu wa kwao Anathothi walitafuta kumwua, na waovu aliwaona wakistawi. Akamwendea Mungu na mashtaka yake. Sisi tungetazamia Mungu amtulize moyo. Lakini tukisoma sura ya 12, mstari wa 5, twaona alijibiwa kwa swali: ikiwa wenda kwa miguu wamekwisha kumchosha, atafanyaje siku ya kushindana na farasi?

Huku kwetu mashindano ya farasi hatunayo. Nchi yenye mbung'o haikuwafaa farasi, na Askofu Steere alipowaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Lindi hata Masasi mwaka 1876, safari ilikuwa ya miguu. Lakini wazee wetu wanayakumbuka mashindano ya magari yaliyoitwa Safari. Yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na nchi yetu, mpaka tangu mwaka 1974 yakabaki Kenya peke yake. Nayo yalikuwa ya Pasaka, yaani masika yenyewe. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, na yaliyofika yakawa 7 tena. Mvua haikuuliza gari la nani wala bei yake. Na miaka yote miwili walioshinda ni wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika Peugeot 404.

Watu wawili, gari moja. Mmoja ameshika usukani, mwenziwe anaangalia ramani na saa. Tena pale tope lilipozidi, wanavijiji walitoka majumbani wakasukuma, wakarudi na matope usoni, na majina yao hayakuandikwa popote.

Sasa tuseme habari zetu. Ijumaa Kuu iliyopita tulipanga kumpelekea Ushirika Mtakatifu bibi yetu mmoja mgonjwa, upande wa Mtoni. Tuliopewa kazi ya kumsindikiza Padre tulikuwa wanne. Mvua ikanyesha tangu alfajiri. Mmoja alidhani fulani atakwenda, fulani akadhani tutaahirisha, mwingine alisema daladala hazipiti (kweli zilikuwa chache, lakini zilipita). Padre akangoja ukumbini mpaka saa nane, naye njia ya nyumba ile haijui. Hakuna aliyekwenda.

Jumatatu ya Pasaka jua lilipotoka ndipo tukafika. Tulimkuta bibi kitandani. Mjukuu wake akatuambia kwamba siku ile aliomba aoshwe mapema, akavishwa kanga mpya, meza ikatandikwa kitambaa cheupe na mshumaa ukawekwa juu yake. Alikaa hivyo mpaka magharibi. Tulipoanza kuomba radhi alitukatiza, akasema, "Mvua ilikuwa kubwa, wanangu. Niliwaombea msiteleze."

Ndugu, tungalifurahi kama angalitugombeza. Kitambaa kilikuwa bado mezani.

Wengine watasema tunajilaumu mno kwa tope la siku moja. Huenda. Lakini tope lile halikufika hata magotini. Yeremia aliulizwa habari za farasi. Sisi wenda kwa miguu wametuacha Temeke hapa hapa. Na siku ya maji makubwa inakuja kwa kila nyumba: ugonjwa usiopona, mwana aliyepotea, kufukuzwa kazi. Yule bibi siku yake imekwisha kufika, na ndani yake ameweza kutuombea sisi tuliokaa chini ya mabati yetu.

Basi, tumekubaliana hivi. Kuanzia Jumapili ijayo, baada ya Misa ya kwanza, wasindikizaji watatoka wawili wawili, na majina yatabandikwa mlangoni. Asiyeweza kwenda amwambie mwenziwe kwa kinywa chake, asiachie kudhani. Bibi wa Mtoni ni wa kwanza katika orodha. Mwenye buti za mpira za kuazima azilete kwa Mama Mzee wa Kanisa kabla ya Jumamosi, maana mawingu yamekwisha kurudi.