Jiko Litakaa Wapi?

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, hakuna aliyeitisha baraza kuwarai wakazi wa mtaa wa mabanda wa Kibera, Nairobi, waipokee. Mwaka huo ukaishia kwenye vurugu za uchaguzi. Maduka yakafungwa, barabara zikazibwa, na aliye mbali akaweza kumtumia nduguye aliyekwama mtaani pesa kwa simu. Leo hata anayeuza sukuma wiki ya shilingi ishirini ana namba ya kulipia. Hawa ndio wanaoambiwa hawapendi mabadiliko.

Kauli hiyo inaniudhi, kwa sababu kila inaposemwa kuna familia inayotakiwa kuhama. Septemba 2009 serikali iliwahamisha wakazi wa kwanza wa Soweto East, sehemu ya Kibera, hadi ghorofa za Lang'ata, wakae huko mtaa wao ukijengwa upya chini ya KENSUP, mpango wa serikali wa kuboresha mitaa ya mabanda. Ghorofani kulikuwa na stima, maji na choo. Hata hivyo, baadhi yao walipangisha vyumba vyao na kurudi kwenye mabati. Watu wakashangaa: mtu apewe nyumba nzuri, kisha aikimbie?

Mimi sishangai. Jirani yangu hapa Kongo, Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, huchemsha githeri mlangoni pake. Saa kumi na moja jioni wafanyakazi wa mjengo wakianza kurudi, sufuria iko tayari. Anajua nani atalipa leo na nani ataandikwa daftarini hadi Jumamosi. Akienda kuchota maji, mtoto anabaki na mama wa chumba cha pili, na hakuna anayedai malipo. Nilimuuliza kama angekubali kuhamia ghorofani. Hakukataa. Aliniuliza, "Na jiko nitaliweka wapi? Hawa wateja watapanda ngazi mpaka juu wakitafuta githeri?"

Hiyo si hofu ya mambo mapya. Ni hesabu, na anaipiga vizuri kuliko wengi wanaochora ramani za mji huu.

Juu ya hesabu kuna kumbukumbu. Wanubi, ambao wazee wao waliishi Kibera tangu enzi za jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles), walingoja hadi Juni 2017 kupewa hati ya ekari 288. Miaka zaidi ya mia! Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, matingatinga yakaingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Barabara ilihitajika, sibishi. Lakini nyumba na shule ziliangushwa kabla mpango wa kuwahamisha watu haujakamilika, na maelfu wakabaki nje katika baridi ya Julai. Aliyeshuhudia hayo, ukimletea habari za maendeleo, atakuuliza kwanza usiku huo watoto wake watalala wapi. Nami nasema ana haki ya kuuliza.

Sasa ghorofa zinapanda tena Soweto East. Wapangaji wanataka kujua watalipa kiasi gani kwa mwezi, nani yumo kwenye orodha, na kama orofa ya chini itaachiwa vibanda vya biashara. Wapewe majibu kwa maandishi, yenye sahihi ya ofisa wanayeweza kumfuata, kabla mtu yeyote hajaambiwa afungashe.