Nani Yumo Ndani ya Mashine?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Tlawi. Baada ya Misa ya Jumapili vijana wa VIWAWA tulibaki nje ya kanisa tukipiga stori, na kama kawaida siku hizi, stori ikaishia kwenye akili mnemba. Mmoja akasema itamaliza kazi zote za kompyuta, kwa hiyo kusomea IT ni kupoteza ada. Mwingine akasema ni kelele tu za mitandaoni. Wakanigeukia: "Frateri, wewe umesoma falsafa, unasemaje?"

Basi nikajimwaga. Nikaanza na Aristotle, nikapita kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino, nikaeleza kwamba mashine haina roho, haina utashi, haijui inachosema. Nikamaliza kwa kujiamini kabisa: "Mle ndani hamna mtu."

Mdogo wangu alikuwa kimya muda wote. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo akasema: "Kaka, nani kakuambia mle hamna mtu? Mimi nimo."

Sikujua. Nyumbani tulikuwa tunasema anachezea kompyuta tu. Kumbe tangu amalize chuo, usiku mtandao ukiwa mzuri, anafungua picha za barabara za miji ambayo hajawahi kufika, anachora mstari kuzunguka kila mtu anayevuka, kila baiskeli, kila gari, ili mashine ijifunze kuvitambua. Analipwa kwa picha. Mwezi ule akaunti yake ilifungwa bila maelezo, na malipo ya wiki tatu yakabaki humo humo. Aliandika barua pepe nne. Zote zilijibiwa na mashine.

Hayuko peke yake. Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliandika habari za wafanyakazi wa Nairobi waliolipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na ya unyanyasaji wa watoto, ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa. Sisi tunaiona inajibu kwa adabu, tunasifia akili yake. Adabu ile kuna watu wameilipia kwa amani ya mioyo yao.

Jamani, falsafa yangu haikuwa na kosa. Mashine kweli haina roho. Kosa langu ni kuishia hapo. Mtakatifu Yakobo (Yak 5:4) anawaonya matajiri kwamba ujira waliowanyima wavunaji unapiga kelele, na kilio hicho kimeshamfikia Bwana. Sisi wa Tlawi tunalielewa hilo. Ukimwita mtu akuvunie maharage, huwezi kumwacha aondoke jioni mikono mitupu, eti humjui jina. Mungu anamjua. Leo shamba limehamia kwenye kioo cha kompyuta, lakini masikio ya Mungu ni yale yale.

Tarehe 10 Mei 2025, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa, Baba Mtakatifu Leo XIV aliwaeleza makardinali kwa nini amechukua jina hilo. Alimtaja Leo XIII, aliyeandika Rerum Novarum mwaka 1891 wakati wa mapinduzi ya viwanda, akasema leo akili mnemba inaleta changamoto mpya kwa utu, haki na kazi.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, ukisoma habari ya teknolojia mpya, jiulize: nani kaifanyia kazi, na kalipwa? Kisha tuanzie kwetu. Mara ngapi tunamwomba kijana wa parokia atutengenezee mfumo wa michango au bango la sherehe, halafu tunamlipa kwa "Mungu akubariki"?

Jioni ile nilimwomba mdogo wangu radhi, nikamwomba pia anionyeshe kazi yake. Akanionyesha picha moja iliyobaki kwenye kompyuta: mtaa wa mvua, mama anavuka na mwavuli. Akapitisha kidole taratibu kumzunguka yule mama. "Huyu nisipomwona mimi," akasema, "gari halitamwona."

Tuombe: Bwana Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono yako kule Nazareti, utufumbue macho tumwone mtu pale tulipozoea kuona mashine tu. Amina.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.