Je, Mbwa wa Mnyororo Ametendewa Haki?



Tuseme kijana wetu amerudi likizo kutoka Dar es Salaam, naye amewaletea wazazi mtoto wa mbwa wa kizungu, manyoya ya dhahabu, mpole, kila mtu anampenda. Mwaka haujaisha, mtoto yule amefika kilo 30. Anawarukia wageni, anafukua bustani, anakimbiza kuku wa jirani. Basi anafungwa mnyororo chini ya mti, na kila jioni analetewa ugali. Mwenyewe husema, “Simpigi wala simnyimi chakula. Kosa langu ni nini?”

Swali hilo si dogo kama linavyoonekana.

Mbwa hao huitwa ritriva. Kazi yao ilikuwa kumletea mwindaji ndege aliyepigwa risasi, hata kama ameanguka majini, bila kumrarua kwa meno. Huko Scotland, mwaka 1868, Lord Tweedmouth alianza kuzalisha mbwa wake wa rangi ya dhahabu. Ndugu yao, Labrador, ana asili ya mbwa wa wavuvi wa Newfoundland. Kizazi baada ya kizazi, binadamu alimchagua yule asiyechoka na apendaye kutumwa. Kwa hiyo anapofukua bustani si ukaidi. Anatafuta kazi.

Hapo ndipo penye uzito. Ikiwa haja hiyo tumeitia sisi wenyewe ndani ya kiumbe, je, deni letu kwake limelipwa kwa sahani ya ugali? Mimi naona bado. Amri ya Nne, inapomtaja mnyama, haisemi habari za chakula chake. Inasema habari za pumziko lake. Maana yake mnyama ana haja nyingine zaidi ya tumbo. Ng'ombe wa jembe alihitaji kupumzishwa. Huyu wetu anahitaji kutumwa.

Tazameni mbwa wetu wa kienyeji anayefuatana na wachunga mbuzi tangu asubuhi. Mara nyingi ni mwembamba (wala sisemi wembamba ni jambo jema), lakini jioni hurudi amechoka, akalala kwa amani. Sina hakika kwamba yule mnene wa mnyororo ametendewa vema kuliko yeye.

Wengine watasema, basi mfungulie aende zake. La, hasha! Someni Kutoka sura ya 21, habari za ng'ombe mwenye desturi ya kupiga watu kwa pembe: mwenyewe akiwa ameonywa asimzuie, hatia ni yake. Mbwa anayezurura humwangusha mtoto aendaye shule, na asiyechanjwa aweza kuleta kichaa cha mbwa, ambacho dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, kupona ni karibu haiwezekani. Tuna deni kwa jirani na deni kwa mnyama, na kulipa moja hakufuti lingine.

Najua wazee watauliza pia: katika nchi hii ya ukame, yafaa kuhangaikia mbwa? Ugogo haijaisahau Mtunya, ile njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920. Wana haki ya kuuliza. Hata yule mama Mkanaani katika Mathayo 15 hakudai mbwa wapewe mkate wa watoto. Alidai makombo tu. Lakini katika maneno yake mbwa yumo ndani, chini ya meza ya bwana wake. Ni wa nyumba ile. Mtoto na ale kwanza. Matembezi, hata hivyo, hayapunguzi debe la mahindi.

Yanayopungua ni usingizi wetu. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na manyoya yale mazito yalifaa nchi ya baridi. Hivyo atembezwe alfajiri na tena jua likishuka, awe na kivuli na maji mchana kutwa, apate chanjo kila mwaka, afundishwe kurudisha kijiti kilichotupwa. Hayo yataendelea miaka 10 au 12, hata kijana aliyemleta akisha kuoa na kuhama.

Kabla ya kumpokea, baba na mama wakae na watoto waulizane: nani ataamka saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Oktoba, na mwezi wa kulima je? Asipopatikana mtu, amrudishie aliyemtoa angali mdogo, wakati watu wengine bado wanamtaka.