Hitilafu Isiyotokea Mbele ya Fundi

Kuna sentensi mbili tunazozichanganya kila siku: "Hakuna kitu" na "Sijaona kitu." Ya kwanza inauzungumzia ulimwengu, ya pili inayazungumzia macho ya msemaji. Nimezisoma tofauti zake darasani, kwenye masomo yangu ya uzamili, lakini uzito wake niliuelewa kupitia gari la shangazi yangu.

Kwa miezi kadhaa gari hilo lilimfanyia vituko. Katikati ya safari, injini ikiwa imeshapata moto, linaanza kukohoa na kutoa harufu ya petroli. Baada ya dakika moja au mbili linatulia. Na kila alipolipeleka gereji, lilikuwa pole kama mtoto mbele ya wageni. Fundi aliliwasha, akasikiliza kidogo, akafunga boneti. "Gari yako nzima, mama. Labda uendeshaji tu."

Shangazi ameliendesha gari hilo miaka tisa. Hata hivyo alianza kuzima redio ili asikilize injini vizuri, kisha akaanza kusema, "Labda ni mimi."

Mshukiwa wa ugonjwa wa namna hii mara nyingi ni sensa, si ile ya kuhesabu watu, bali kidude kidogo kinachopima joto la maji yanayopoza injini. Ukinzani wake wa umeme hushuka kadiri joto linavyopanda: kwa sensa nyingi, kwenye nyuzi 20 ni kama omu 2,500, na kwenye nyuzi 80 ni kama omu 300. Kompyuta ya gari haina mkono wa kuigusa injini, hivyo inategemea habari za waya. Waya ukiachia, ukinzani unakuwa mkubwa kupita kiasi, na kompyuta inatafsiri kuwa ni baridi kali. Kwenye mashine ya kupimia, magari mengi huonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri. Hebu fikiria: Dar es Salaam, saa nane mchana, kwenye foleni ya Ubungo, na gari linaamini limezungukwa na barafu. Linajimwagia petroli kupita mahitaji. Waya ukigusa tena, kila kitu kinarudi sawa. Orodha ya pamoja ya misimbo ya hitilafu za magari imelitengea tatizo hili namba yake, P0119, lakini mkatiko mfupi mno unaweza kupita bila kuandika chochote.

Fundi ana wa kumtetea. Mwaka 1877 mwanafalsafa Mwingereza W. K. Clifford alidai kuwa ni kosa la kimaadili kuamini jambo bila ushahidi wa kutosha. Fundi hakuona kitu, sasa aamini nini? Lakini tazama mfano aliouchagua Clifford mwenyewe: mwenye meli anayeitilia shaka meli yake kuukuu, anajituliza moyo bila kuikagua, anairuhusu iondoke na abiria, inazama. Kosa lake ni kuamini kuwa chombo ni kizima. "Gari yako nzima" nayo ni imani, na inadaiwa ushahidi kama imani nyingine yoyote. Dakika tano za injini kuunguruma kivulini hazilipi deni hilo.

Halafu kuna suala la nani anasema. Binamu yangu wa kiume alipompigia fundi simu na kurudia maneno yale yale ya mama yake, jibu lilibadilika: "Basi tubadilishe sensa." Miranda Fricker, katika kitabu chake cha mwaka 2007, anaiita hali hii dhuluma dhidi ya ushahidi wa mtu: neno linapunguzwa thamani kwa sababu ya anayelitamka. Sensa mpya ikanunuliwa na kufungwa. Wiki iliyofuata gari likakohoa tena.

Hapo ndipo ninapoona kuwa kuamini tu hakutoshi. Kubadilisha kifaa kwa kubahatisha ni njia ya kumnyamazisha mlalamikaji kwa fedha zake mwenyewe. Fundi wa pili alifanya tofauti. Aliuliza, "Huwa inaanza mkiwa wapi, mama? Lami au vumbi? Mmetembea muda gani?" Akamwomba aandike kila linapotokea. Baada ya wiki mbili daftari lilionyesha matuta na barabara mbovu, karibu kila mara. Fundi akaipasha injini moto, akaunganisha mashine ya kupimia, akaanza kuutikisa waya taratibu akiangalia namba. 88. 88. Kisha 40 chini ya sifuri. Kisha 88. Pini moja ndani ya soketi ilikuwa imelegea na kushika kutu. Sensa ya zamani huenda haikuwa na kosa lolote.

Aliyatumia maneno ya shangazi kama ramani: akaenda kutazama pale yalipoelekeza, katika hali yaliyoitaja. Nawaza juu ya mtu mwenye kifafa ambaye kipimo cha umeme wa ubongo, kikichukuliwa akiwa hana degedege, kinaweza kutoka safi kabisa. Nawaza juu ya kila anayeumwa usiku na kupimwa asubuhi. Daktari mwaminifu anaweza kusema "sijaona bado," na neno hilo "bado" linamwacha mgonjwa akiwa shahidi badala ya mtuhumiwa.

Lakini "bado" ina gharama. Fundi wa kwanza analipwa kwa kazi iliyokamilika, na nyuma ya shangazi kulikuwa na magari mengine manne yakisubiri. Fundi wa pili alitoza ufundi na soketi tu, pungufu ya bei ya ile sensa isiyohitajika. Maswali na daftari hakuvitoza. Nikiwaambia watu kuwa tunawiwa kusikilizana hivi, lazima niseme pia nani atalipia muda huo, na jibu hilo sijalipata katika kitabu chochote nilichopangiwa kusoma.